Ziwa Lililoondoka na Uamuzi wa Mwenye Mwili

Yako maradhi ambayo sisi watu wa pwani tukiyataja hupunguza sauti, kana kwamba maradhi yenyewe yana masikio. Saratani ya ziwa ni mojawapo. Husemwa barazani kwa mafumbo: "Fulani ana uvimbe wa kifuani." Baada ya miezi huja habari kwamba amepasuliwa, watu wakasema Alhamdulillahi, limeondolewa, amepona, na mazungumzo yakaishia hapo. Lakini kwa mwanamke mwenyewe mazungumzo hayakuishia hapo. Upande mmoja wa kifua chake una ziwa na upande wa pili hauna, au una nusu yake. Asubuhi anavaa nguo, nguo haikai. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze leo, kwa adabu lakini bila mafumbo, maana naona kwamba kunyamaza kwetu kumekwisha kuwa sehemu ya maradhi.

Sisi tuliokaa chini ya mwalimu chuoni tulifundishwa mapema kwamba katika Suratul Fajr Mwenyezi Mungu anaapa kwa shufwa na kwa witiri, yaani kwa kilicho jozi na kilicho kimoja. Mwili wetu umejengwa kwa shufwa: macho mawili, mikono miwili, maziwa mawili. Kinapoondoka kimoja, anayebaki na kimoja huulizwa na watu swali moja tu, nalo ni kama bado yu kamili. Swali hilo halina haki. La haki ni jingine: yeye mwenyewe anataka nini, na je, kuna mtu aliyemweleza mambo anayoweza kuchagua?

Jambo hili si la wachache. Kwa hesabu za shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, mwaka 2020 wagonjwa wapya wa saratani ya ziwa nchini Kenya walikadiriwa kuwa 6,799, na waliofariki kwa maradhi hayo walikuwa zaidi ya 3,000. Hiyo ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi kuliko saratani nyingine yoyote katika nchi hii. Wengi hufika hospitali wamechelewa, uvimbe ukiwa umekwisha kuwa mkubwa, na kwa hao kuondolewa ziwa zima ndiyo njia inayotumika zaidi. Maana yake ni kwamba kila mwaka wako wengi wanaotoka hospitali wakiwa na upande mmoja, wakarudi Kisauni, Lamu, Malindi na Thika, na kila mmoja akadhani yuko peke yake.

Nimeitaja Thika kwa sababu. Mpwa wangu anafanya kazi huko na amepanga nyumba Gatuanyaga, mashariki ya mji, upande wa barabara iendayo Garissa. Nilipokwenda kumtazama alinijulisha kwa jirani yake, mama wa makamo aliyekwisha kupasuliwa. Tulikaa watatu, mpwa wangu akiwa kati, na yule mama akazungumza kwa hiari yake. Alisema maneno ambayo niliyaandika papo hapo: "Mzee, habari ya kansa nilielezwa vizuri. Habari ya kesho yake, kwamba nitavaaje nguo, nitalalaje, nitamwambiaje baba watoto, hiyo hakuna aliyenieleza." Kwa mwaka mzima alikuwa akijaza vitambaa na soksi ndani ya sidiria. Vitambaa hivyo vilihama kila alipoinama shambani, na kila vilipohama yeye aliacha kazi akaingia ndani. Mwishowe aliacha kwenda kanisani na katika vikundi vya akina mama. Maradhi yalikuwa yamekwisha kuondoka mwilini mwake, lakini aibu ilikuwa imebaki mahali pake.

Lakini ni katika mji huo huo wa Thika ambako jawabu moja limepatikana, tena la mikono ya watu wa kawaida. Fundi cherehani mmoja, Bi Mary Mwangi, ambaye magazeti yameandika habari zake, aliugua saratani akaondolewa ziwa. Akajifunza kufuma maziwa ya bandia kwa nyuzi. Kisha akaanza kuwafundisha wanawake wenziwe, kwa kikundi kinachoitwa New Dawn Cancer Warriors, na duka lake la ushoni likawa pia baraza la kufumia na kuzungumzia. Ziwa moja la uzi lilitajwa kuuzwa kiasi cha shilingi 1,500, hali la silikoni linaloletwa kutoka nje ni zaidi ya mara kumi ya hapo. Fikra ya kufuma haikuanzia Thika. Huko Marekani, Bi Barbara Demorest wa jimbo la Washington alianza mwaka 2011 kuwakusanya wafumaji wa kujitolea, na kazi hiyo ikaenea nchi nyingi. Lakini kilichofanywa Thika ni zaidi ya kuiga. Pale anayefuma ni yule yule aliyepasuliwa, na anayevaa hujifunza kufuma kwa ajili ya mwenziwe.

Sasa tuangalie jambo lenyewe kwa undani, maana wako watakaosema: sisi wanawake wetu wanavaa buibui, nani ataona? Neno hili nimelisikia kwa masikio yangu, tena kutoka kwa watu wazima. Lina makosa mawili. Kosa la kwanza ni kudhani kwamba shida ni macho ya watu tu. Ziwa lina uzito. Likiondoka moja na lililobaki likawa kubwa, mwili huvutwa upande mmoja; bega hupanda au hushuka, shingo na mgongo huuma, na mwanamke huanza kukaa kimshazari bila kujijua. Buibui haliondoi maumivu ya mgongo. Kosa la pili ni kusahau kwamba mwanamke hakai ndani ya buibui saa ishirini na nne. Analivua nyumbani kwake, harusini kati ya wanawake wenziwe, na mbele ya mumewe. Hapo ndipo anapohitaji utulivu zaidi, na hapo ndipo anapoukosa.

Njia zilizopo ni nne, na yafaa kila nyumba izijue.

Ya kwanza ni kukaa hivyo hivyo, bila kuvaa wala kujengewa kitu. Hiyo ni njia kamili, si ya mtu aliyeshindwa. Wako wanawake duniani kote wanaoichagua kwa sababu hawataki kisu cha pili. Lakini hata hapo mpasuaji anaweza kuambiwa mapema ashone kovu lilale vizuri, pasibaki nyama ya ziada inayoning'inia na kuchubuka.

Ya pili ni ziwa la kuvaa. Liko la uzi, lililo jepesi, lisilo na joto, ambalo laweza kuvaliwa mapema mara kidonda kinapoanza kutulia na daktari akikubali. Liko la silikoni, lenye uzito unaokaribia wa ziwa lenyewe, ambalo kwa kawaida husubiriwa wiki sita hivi mpaka kidonda kipoe. La silikoni husaidia zaidi kusawazisha mwili; la uzi husaidia zaidi mfuko na ngozi. Yote mawili huvaliwa ndani ya sidiria yenye mfuko, ambayo fundi yeyote wa Mji wa Kale anaweza kuishona akionyeshwa mara moja.

Ya tatu ni kujengewa ziwa jipya kwa upasuaji. Hili hufanywa kwa namna mbili kubwa. Ama huingizwa mfuko wa silikoni chini ya ngozi au msuli, na mara nyingi hutanguliwa na kipira cha kuvutia ngozi polepole. Au huchukuliwa nyama na ngozi ya mwenyewe kutoka mgongoni au tumboni ikatengenezwa ziwa. Namna ya mgongo ilianza zamani, kwa daktari Tansini wa Italia mwaka 1906. Ya mfuko wa silikoni ilianza Houston, Marekani, mwaka 1962. Ya nyama ya tumbo ilienea baada ya daktari Hartrampf wa Atlanta kuitangaza mwaka 1982. Ujenzi waweza kufanywa siku ile ile ya kuondoa ziwa, au baada ya miezi au miaka.

Ya nne ni kusawazisha upande wa pili, yaani kulipunguza au kuliinua ziwa zima lililobaki, ili pande mbili zikaribiane.

Kila njia ina gharama yake mwilini, na haifai kumdanganya mtu. Mfuko wa silikoni si wa maisha. Waweza kupasuka au kukazwa na kovu ukawa mgumu, na hatari hiyo huzidi kwa aliyechomwa kwa miale. Mwaka 2010 kampuni moja ya Kifaransa, PIP, iligunduliwa kuwa ilijaza mifuko yake silikoni isiyo ya matibabu, na wanawake wengi wa nchi mbalimbali wakalazimika kuitoa. Mwaka 2019 mifuko fulani ya ngozi ya kukwaruza ya kampuni ya Allergan iliondolewa sokoni kwa kuhusishwa na saratani adimu ya chembe za kinga. Nyama ya mwenyewe hukaa zaidi na hunenepa na kukonda pamoja na mwili, lakini upasuaji wake ni mrefu, huacha kovu la pili, na mwenye kisukari kisichodhibitiwa au mvutaji sigara hupona kwa shida. Tena, ziwa lililojengwa kwa kawaida halina hisia ya lile la asili. Hata hivyo, ujenzi hauzidishi kurudi kwa saratani, na ikiwa njia nyingine za matibabu bado zahitajika, mara nyingi hizo ndizo hutangulia.

Lipo na neno la kabla ya yote hayo. Si kila uvimbe unalazimu kuondoa ziwa zima. Tangu daktari Halsted alipoanza mwaka 1882 upasuaji wa kuondoa ziwa pamoja na misuli ya kifua, madaktari waliamini kwa muda mrefu kwamba kadiri unavyokata zaidi ndivyo unavyookoa zaidi. Wataalamu wawili, Bernard Fisher wa Marekani na Umberto Veronesi wa Milan, waliifanyia imani hiyo majaribio kwa kuwafuata wanawake wao kwa miaka 20. Mwaka 2002 walitoa matokeo: kwa uvimbe uliokamatwa mapema, kuondoa uvimbe peke yake na kisha kuchoma miale huokoa maisha sawa na kuondoa ziwa zima. Basi tazama jinsi woga unavyojigeuza. Mwanamke huficha uvimbe kwa kuogopa kukatwa ziwa, na kule kuficha ndiko kunakomfikisha mahali pasipo njia nyingine ila kukatwa.

Nije kwenye dini, maana najua wasomaji wangu wengi wameanza kuuliza moyoni: je, huku si kubadilisha maumbile ya Mwenyezi Mungu? Swali ni zuri na limekwisha kujibiwa na wenye elimu kuliko mimi. Katika hadithi zilizopokewa na Abu Daud na Tirmidhi imo habari ya sahaba Arfaja bin As'ad, aliyekatwa pua vitani. Alijitengenezea pua ya fedha, ikamharibikia kwa kunuka, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwamrisha atumie pua ya dhahabu. Dhahabu, ambayo ni haramu kwa mwanamume kujipambia! Wanavyuoni wametofautisha tangu zamani baina ya kujipamba kwa kugeuza kilichoumbwa na kurudisha kilichoharibiwa na maradhi au jeraha. Mwaka 2007 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lenye makao yake Jidda, lilikutana Putrajaya, Malaysia, likalitolea uamuzi jambo la upasuaji wa kurekebisha mwili. Likauruhusu kwa kuondoa kasoro zilizoletwa na ajali na maradhi, na katika mifano liliyoitaja kwa jina ni kulijenga upya ziwa lililoondolewa.

Kwa hivyo mwanamke asitishwe kwa neno haramu na mtu asiyejua. Na ziwa la kuvaa, la uzi au la silikoni, halina mushkili katika tohara: huvuliwa wakati wa josho likarudishwa. Mwenye kidonda kibichi ambacho daktari amekataza maji, ziko hukumu za kupangusa juu ya bendeji na za kutayamamu. Amuulize shekhe wake, au mkewe shekhe kama anaona haya.

Naongeza nasaha moja ambayo kwetu pwani ina uzito. Aliyeondolewa tezi za kwapani, mkono wa upande ule waweza kuvimba kwa maji yasiyopata njia, hata baada ya miaka. Mkono huo usipigwe chuku wala kuchanjwa chale kwa kisingizio cha kutoa damu chafu. Mchanjo mdogo waweza kuleta uchafu ndani na uvimbe usioondoka. Ukianza kuvimba, aende hospitali. Kuna mazoezi na bendeji za kuubana zinazosaidia.

Tumefika penye uchungu zaidi, nao ni nani anayeamua. Nimeona nyumba ambazo mume ndiye aliyesema mke akatwe au asikatwe, na nyumba ambazo mama mkwe ndiye aliyesema asijengewe, fedha ziende kwa ada ya watoto. Nimesikia pia ya mume aliyeleta mke wa pili kabla kovu la wa kwanza halijakauka, akasema sheria inamruhusu. Sheria hiyo hiyo imemtaka akae na mkewe kwa wema, na sijaona mahali ilipoandikwa kwamba wema una kikomo katika kifua. Lakini upo upande wa pili, nao lazima usemwe: wako waume wanaowashurutisha wake zao kujengewa, kwa sababu wao wenyewe hawataki kuliona kovu. Huyo naye amechukua uamuzi usio wake. Mume ana nafasi ya kushauri, kuuguza, kulipa akiweza na kuliangalia kovu bila kugeuza uso. Kuchagua baina ya zile njia nne ni kwa mwenye mwili. Kwa nathari nimesema mengi. Kwa ubeti nasema haya:

Ziwa lililoondoka, si utu ulotolewa,
Thamani haikushuka, wala sifa kupunguwa,
Lake ndilo la kushika, si la watu kuchaguwa,
Na witiri husalika, sala ikapokelewa.

Lakini uchaguzi bila fedha ni maneno. Mfuko wa taifa wa afya wa Kenya, SHA, uliochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 1, 2024, ulipoanza uliiwekea kila jamaa kiasi cha shilingi 550,000 kwa mwaka kwa matibabu ya saratani, yaani 400,000 za mfuko wa bima na 150,000 za mfuko wa maradhi mazito. Dawa za sindano na miale huzila fedha hizo upesi, na ziwa la bandia huonekana anasa. Nchini Marekani bunge liliamua jambo hili mwaka 1998: bima inayolipia kuondolewa ziwa lazima ilipie pia kulijenga, kulisawazisha la pili, na ziwa la kuvaa. Hawakulihesabu kuwa pambo. Wabunge wetu wa pwani, wanaume kwa wanawake, wana jambo la kudai hapo. Nasi wananchi tuwe na mazoea ya kumuuliza karani wa SHA waziwazi, kabla ya upasuaji wala si baada yake: mnalipa nini katika haya?

Kadhalika yako ambayo hayangoji bunge. Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa, ina kituo cha saratani, na mgonjwa wa kwetu halazimiki kwa kila jambo kupanda basi la usiku kwenda Nairobi. Hapo hapo pwani wapo wanawake mabingwa wa kushona na kufuma, wanaodarizi kofia za vito kwa subira ya miezi. Mkono unaotoboa kofia ya tobo hautashindwa na ziwa la uzi. Tunao pia masomo na makungwi, ambao tangu zamani ndio waliomfundisha mwanamwali habari za mwili wake. Mbona elimu hiyo imalizikie siku ya harusi? Somo aliyemfunda binti akiwa mwari, ndiye anayefaa kumkalia kitako siku anapotoka hospitali, akamwonyesha jinsi ya kuvaa, kulala na kujitazama kiooni. Na maimamu wetu wakiligusia suala hili katika hotuba moja tu ya Ijumaa, wakaisimulia ile habari ya Arfaja, watakuwa wamewaondolea mzigo wanawake ambao hatutawajua kamwe.

Kwa mwanamke anayesoma haya hali amepewa siku ya kupasuliwa, nampa maswali manne ya kwenda nayo kwa daktari, ayaandike kwenye karatasi. Je, ni lazima liondoke lote? Kama ni lazima, naweza kujengewa, sasa au baadaye, na nikichomwa miale itakuwaje? Kovu litakaa wapi na litashonwaje? Na nikitoka hapa, nani atanionyesha ziwa la kuvaa? Daktari mwema hatakasirika. Akikasirika, aulizwe tena.